Mashua moja, kazi mbili: mwongozo wa kuvua na kushindana wiki ya Maulidi Lamu

Mashua nyingi zinazoshindana Lamu wakati wa Maulidi hazikuundwa kwa michezo. Ni vyombo vya kazi, na mwezi mzima uliotangulia vimekuwa vikibeba mchanga, mawe, boriti, au wavuvi na barafu yao. Chombo kinachoshinda mara nyingi ni kile ambacho wenyewe walijua lini kuacha kukitumia kwa uvuvi na lini kuanza kukitengeneza kwa mbio. Upya wa chombo hauna neno kubwa hapo. Mwongozo huu ni wa kundi la watu kumi hadi kumi na wawili wenye mashua ya futi 28 hadi 32 na tanga moja, wanaotaka kuvua siku za mwanzo wa wiki, kushindana, kisha kurudi kazini bila chombo kuvunjika.

Hesabu ya mwezi kwanza

Maulidi ya Lamu, yale yanayoongozwa na Msikiti wa Riyadha, hufikia kilele wiki ya mwisho ya Mfungo Sita (Rabiul Awwal). Kwa kalenda ya kizungu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Miaka hii yanaangukia mwisho wa kusi (upepo wa kusini), msimu wa demani, bahari inapoanza kutulia na samaki wa maji makuu wanapoanza kusogea. Mwaka 2026 Alhamisi ya mwisho ya Mfungo Sita ni karibu na tarehe 10 Septemba, kutegemea mwandamo. Mashindano ya mashua hupangwa katika siku zinazozunguka kilele hicho, pamoja na ya punda, kuogelea na bao. Ratiba husubiriwa kutoka kwa kamati, kwa hiyo hapa tutahesabu kwa kurudi nyuma kutoka siku ya mashindano.

Kwa kuwa sherehe hufuata mwezi, na maji hufuata mwezi huohuo, hali ya maji siku ya mashindano inajulikana hata kabla ratiba haijatoka. Mwezi 22 hadi 24, yaani siku ya 22 hadi ya 24 tangu mwandamo, ni maji mafu: yanajaa kidogo, yanakupwa kidogo, na mkondo ni mdogo. Kuanzia mwezi 27 bamvua linaingia, yaani maji yanajaa sana na kukupwa sana. Mwezi 23 maji hujaa kabisa karibu saa tano asubuhi, mwezi 26 karibu saa nane mchana, na mwezi 29 karibu saa kumi kasorobo alasiri. Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, litakupa dakika zenyewe, na tofauti na Lamu si kubwa. Andika saa za kujaa na kupwa za siku saba kwenye karatasi moja, uifunge kwa plastiki na kuigongomea karibu na kana (mkono wa usukani). Kila kitu kinachofuata kinasimama juu ya karatasi hiyo.

Mwezi 15 hadi 17: kupandisha chombo ufuoni

Hili ndilo bamvua la mwisho kabla ya mashindano. Ukilikosa, wiki inayofuata ni maji mafu na mashua haitafika juu ya ufuo kiasi cha kukauka yote. Bahati ni kwamba kwenye bamvua la pwani yetu maji hukupwa kabisa saa nne hadi saa tano asubuhi, kwa hiyo kazi inafanyika mwangani.

Ilete mashua ufuoni na maji ya alfajiri, karibu saa kumi, mahali penye mchanga mgumu usio na mawe. Itoe mizigo yote, farumi (uzito wa kutuliza chombo) pia. Maji yakianza kuikimbia, ilaze upande mmoja kwa kuvuta kamba iliyofungwa juu ya mlingoti, na utie magunia ya mchanga chini ya ubavu ili isikae juu ya mkuku (mti wa chini kabisa wa chombo) peke yake. Upande mmoja leo, wa pili kesho.

Kwanza kwangua chaza na majani yote kwa panga butu au bapa la chuma. Usiache eneo la mkuku na nyuma ya usukani kwa sababu tu ni gumu kufikika. Hapo ndipo maji huvurugika na kula mwendo. Kisha fuata mishono ya mbao kwa ncha ya kisu: pamba ikitoka laini na nyeusi, itoe yote, utie mpya iliyochovywa kwenye sifa (mafuta ya samaki), na uipige kwa patasi ya kalafati (ya kuzibia mishono) mpaka sauti ibadilike kutoka butu kuwa kavu. Fundi mzoefu husikiliza nyundo kuliko anavyotazama. Choma ubavu kwa makuti makavu ili kuua wadudu wanaotoboa mbao, ukipitisha moto haraka bila kuusimamisha. Palipopakwa rangi ya mafuta hivi karibuni au palipozibwa kwa plastiki, usipitishe moto kabisa. Mwisho paka deheni, yaani chokaa na mafuta ya mnyama yaliyochanganywa yakiwa ya moto hadi yawe kama uji mzito. Ikiwa nzito mno itakauka kwa madonge, na madonge ni breki. Ipake nyembamba, mara mbili, na kuilainisha kwa kiganja au gunia kabla haijapoa.

Kosa la kawaida hapa ni kuiacha mashua juani siku tatu nne kwa ajili ya kupaka rangi ya juu. Mbao hunywea, mishono hufunguka, na kalafati uliyoipiga vizuri inakuwa huru. Chombo kilichokauka hivyo kinahitaji siku mbili majini, kikivuja na kufuliwa maji (kuchotwa na kumwagwa), mpaka mbao zivimbe tena. Rangi ya juu ipakwe kikiwa majini, kimefungwa gatini.

Siku za uvuvi: mwezi 22 hadi 25

Maji mafu ni siku nzuri za mshipi (uzi wa kuvulia). Mkondo ukiwa mdogo, chubwi (risasi ya kuzamisha mshipi) nyepesi inafika chini na kukaa, nawe unahisi samaki anavyogusa. Bamvua likishaingia utahitaji risasi nzito, na mshipi utalala ubavuni badala ya kushuka. Hii ni sababu tosha ya kumaliza uvuvi mapema, kabla hujafikiria hata tanga.

Kwa changu na tewa kwenye miamba ya nje: uzi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.7 hadi 0.9, mita 80 hadi 100 kwa kila mvuvi. Ndoana namba 8 hadi 10 kwa changu, namba 5 kwa tewa. Chubwi ya gramu 100 kwenye maji mafu, 200 mkondo ukikaza. Funga ndoana mbili juu ya chubwi kwa vikono vya sentimita 30, zisifikiane. Chambo cha ngisi hukaa kwenye ndoana kuliko cha dagaa, maana samaki wadogo hawakinyofoi upesi. Kata vipande virefu vyembamba, si vya mraba.

Nanga kwenye miamba ndiyo inayopotea zaidi. Usiifunge kamba yake kichwani pekee. Funga kamba kwenye kitako cha nanga, kisha ipitishe kichwani na uifunge hapo kwa uzi mwembamba wa pamba. Ikikwama, vuta kwa nguvu: uzi unakatika, na nanga inavutwa kwa nyuma mpaka itoke. Bora zaidi, tia nanga kwenye mchanga ulio ukingoni mwa mwamba na uache kamba ikupeleke juu yake. Matumbawe yaliyovunjwa na nanga hayakui upya kwa msimu mmoja.

Wakati wa kwenda na kurudi, rambaza, yaani kokota mshipi nyuma ya chombo. Mashua inayokwenda noti nne hadi sita ina mwendo unaofaa kwa nguru na kolekole. Tumia uzi mnene wa milimita 1.2 hadi 1.5, mita 40 hadi 60, na mwishoni waya wa sentimita 50, kwa sababu meno ya nguru hukata nailoni kama wembe. Chambo ni dagaa mzima aliyeshonwa ndoana kinywani na mkiani, au kipande cheupe cha tumbo la samaki kilichokatwa kama ulimi. Kati ya mshipi na mahali ulipoufunga, weka ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli wa urefu wa dhiraa moja. Samaki mkubwa akipiga, mpira unavutika kwanza na ndoana haichani mdomo. Ukanda ukibaki umevutika bila kurudi, kuna samaki na hajatoka. Ukicheza mara moja na kurudi, amechukua chambo chako.

Kwa kuwa ni mwisho wa mwezi, usiku una giza, na giza na taa huleta ngisi. Taa ielekee majini upande mmoja tu wa chombo, na wavuaji wakae upande wa kivuli, pale mwanga unapokatika, maana ngisi hukaa gizani na kurukia chakula kilicho mwangani. Ila uliza kwanza. Lamu imewahi kuwekewa marufuku ya kuvua usiku kwa sababu za usalama, na hali hubadilika. Ofisi ya BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya ufuo wako itajua. Waulize pia kuhusu leseni za wavuvi na usajili wa chombo, hasa kama baadhi ya watu wenu ni wageni. Juya la kukokota ufuoni na bunduki ya kuvulia haviruhusiwi Kenya, na kasa akinasa hurudishwa majini.

Barafu: kwa joto letu hesabu kilo moja kwa kila kilo ya samaki unaotarajia. Watu hupunguza hapa ili kuokoa pesa, kisha huuza nusu ya samaki kwa bei ya chambo. Jodari na nguru wakatwe mashavu watoke damu mara tu wanapoingia chomboni, watolewe matumbo, na walazwe ndani ya barafu, si juu yake. Jodari aliyekaa juani saa kadhaa hutengeneza sumu inayofanya uso uwe mwekundu, kichwa kigonge na moyo uende mbio, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa hata ukichemsha saa nzima. Bunju asiingie sufuriani kwa hali yoyote. Ukichomwa na mwiba wa samaki taa au samaki jiwe, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua kwa muda wa saa moja hadi saa moja na nusu, kisha nenda hospitali. Chupa mbili za chai ya moto chomboni zina kazi zaidi ya kunywewa.

Siku ya Ijumaa rudini kabla ya saa tano ili watu waoge na kuwahi msikitini. Panga safari kwa kurudi nyuma kutoka saa hiyo, na ukumbuke kwamba maji yanayokupwa yakitoka kwenye mlango wa Shela, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Lamu, yakikutana na kusi yanainua mawimbi mafupi yaliyosimama. Mashua iliyojaa samaki na barafu ipite hapo maji yakijaa.

Siku mbili kabla: kuibadili mashua

Uvuvi unakoma hapa. Kundi linalosema "tuvue na kesho asubuhi, mashindano ni mchana" hufika mstari wa kuanzia na tanga lenye chumvi, watu wasiolala, na maji ya barafu ngamani (chini ndani ya chombo).

Toa kila kitu: nyavu, malema, masanduku, nanga ya ziada, mbao za kukanyagia zisizo za lazima. Osha ngama kwa sabuni na maji ya bahari. Mafuta ya samaki chini ya miguu ya mtu anayekimbia na demani (hapa ni kamba ya kukazia tanga, si msimu) ni mguu uliovunjika. Angalia usukani: ukitikisa kana na usukani ukacheza zaidi ya unene wa kidole kabla haujageuka, kaza vyuma au funga kamba mpya.

Farumi ya kudumu ya mawe itoke, iingie mifuko ya mchanga ya kilo 25 inayoweza kuhamishwa. Kwa mashua ya futi 30 yenye watu kumi na wawili, anzeni na mifuko sita. Upepo ukiwa mwepesi ibaki miwili au itoke yote. Kusi kikikaza kiasi cha kupasua mawimbi meupe ndani ya mlango wote, wekeni kumi hadi kumi na miwili. Mjaze mchanga mkavu na kufunga midomo kwa kamba mbili, kwa sababu mfuko uliopasuka ngamani huziba upo na kata za kuchotea maji, na mtu wa kufua maji hubaki kuchota tope. Ulizeni kamati mapema kama inaruhusiwa kutupa mifuko majini katikati ya mbio. Wengine hukubali, wengine hukutoa.

Ubao wa kukalia nje upande wa joshini (unakotoka upepo) uwe wa urefu wa futi 12 hadi 14, unene wa inchi 2, usio na kifundo cha mti katikati. Ncha ya ndani huingia chini ya ukingo wa upande wa pili, na katikati hulala juu ya ukingo wa joshini. Ujaribu nchi kavu kwanza: uweke juu ya gogo kama utakavyolala chomboni, na watu wanne wakae mwishoni. Ukilia, tafuteni mwingine. Funga gunia pale unapogusa ukingo, na upigilie vipande vya ubao mwembamba juu yake ili nyayo zenye maji zisiteleze.

Tanga na foromali

Hapa ndipo mbio hushindwa, na hapa ndipo makundi mengi hutumia muda mchache kuliko wote, kwa sababu tanga limekuwepo siku zote na linaonekana kufanya kazi.

Litandazeni tanga mchangani, foromali (mti unaolibeba) ikiwa kando yake. Tazama foromali kwanza: ni miti miwili au mitatu iliyoungwa, na kila muungo una vifungo vyake. Vifungo hivyo vikilegea, foromali inapinda mahali pamoja badala ya kupinda yote kwa upole, na tanga linapata mkunjo unaoanzia kwenye muungo na kushuka mpaka chini. Fungua, loweka kamba, funga upya, na upigilie kabari ndogo za mti chini ya kamba ili zikaze zaidi zinapokauka.

Kisha vile vikamba vinavyolishika tanga kwenye foromali. Viwe kila baada ya shibiri moja, vyote kwa mkazo mmoja. Kimoja kikiwa kirefu, utaona tumbo dogo hapo. Kikiwa kifupi, mstari mgumu. Ukubwa wa mkazo wa jumla unategemea upepo. Upepo mwepesi: vuta ncha ya juu ya tanga kidogo tu, ili tanga liwe na tumbo. Upepo mkali: livute mpaka mkono usiweze tena, liwe bapa. Wengi hufunga mara moja asubuhi na kuliacha hivyo. Upepo wa demani huanza mwembamba na kukaza kuanzia saa saba, kwa hiyo tanga lililofungwa saa tatu asubuhi limefungwa kwa upepo ambao haupo tena saa nane. Mtu mmoja abaki na kazi ya kulikaza upya nusu saa kabla ya kuanza.

Dasi, kamba ya ukingo wa tanga, iwe sawa na kitambaa. Ikiwa fupi, ukingo unajikunja kama pindo la kanzu lililoshonwa vibaya. Ikiwa ndefu, ukingo unapepea na kupiga kelele, na kila mpigo unatoa upepo. Tanga la marudufu la pamba limwagiwe maji ya bahari kwa ndoo dakika kumi kabla ya kuanza: nyuzi huvimba, matundu huziba, upepo haupiti. Hili halina faida kwa tanga la nailoni au la turubai la plastiki, ambalo litabeba maji na kuongeza uzito juu tu.

Henza, kamba ya kupandishia foromali, ikaguliwe pale inapopita juu ya mlingoti. Hapo huliwa polepole na hapaonekani ukiwa chini. Mpandishe kijana mwepesi atazame kwa macho na kwa mkono. Kamba iliyokatika nyuzi theluthi moja ibadilishwe, hata kama imedumu msimu mzima. Kapi zipakwe mafuta. Jarari (kamba ya kapi za henza) ifungwe upande wa joshini kila mara, kwa sababu mbali na kubeba tanga ndiyo inayouegemeza mlingoti. Jarari ikisahauliwa upande wa demanini (unakoelekea upepo), mlingoti unabaki peke yake, nao ukianguka huanguka juu ya watu.

Watu na kazi zao

Nahodha ashike kana na asishike kitu kingine. Wawili wa demani, wenye mikono mizito. Wawili wa omo (mbele ya chombo) kwa ajili ya goshi (pembe ya mbele) la tanga na mguu wa foromali. Mmoja wa jarari. Mmoja wa kufua maji, ambaye watu humdharau, lakini lita mia moja za maji ngamani ni kilo mia moja zinazokimbilia upande uleule chombo kinapolala. Waliobaki ni wa ubao na mifuko. Anayetoa amri awe mmoja tu. Ikiwa mzee wa chombo amepanda kama abiria, aambiwe kwa heshima kabla ya kuanza kwamba leo nahodha ni fulani.

Kila mtu avae jaketi la kuokolea, wa ubao hasa. Simu moja iwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Kisu kikali kifungwe kwenye mlingoti, mahali ambapo mtu anakipata akiwa amefumba macho.

Kugeuza tanga

Mabaharia husema kukisi. Mashua yetu haigeuki kama boti za kisasa zinazopitisha tanga juu ya vichwa na kuendelea. Tanga lazima lizungushwe mbele ya mlingoti, na kundi lisilofanya mazoezi hupoteza hapa mara mbili au tatu ya urefu wa chombo kwa kila bisho (mwendo wa kukata upande dhidi ya upepo). Fanyeni mazoezi alasiri mbili mfululizo kwa mpangilio huu:

1. Nahodha atangaze mapema, "tayari kukisi", na asianze mpaka wa omo na wa demani wajibu.
2. Wa ubao waingie ndani, ubao uvutwe, mifuko isogezwe katikati. Isivuke bado.
3. Nahodha aelekeze omo mbali na upepo mpaka upepo uje kutoka tezi (nyuma ya chombo). Wa demani waachie polepole, si ghafla.
4. Wa omo wavute mguu wa foromali karibu na mlingoti mpaka foromali isimame wima.
5. Mwenye demani aipeleke kamba mbele ya mlingoti na kuizungusha upande wa pili. Tanga hufuata likiwa linapepea.
6. Jarari ihamishwe upande mpya wa joshini. Hakuna anayekaza demani kabla ya sauti ya mtu wa jarari.
7. Mguu wa foromali uachiwe usogee mbele, demani ikazwe, nahodha arudi kwenye upepo, mifuko na ubao vivuke.

Kazi nzuri huchukua sekunde thelathini hivi. Ikizidi dakika moja, karibu kila mara sababu ni hatua ya nne: foromali haikusimama wima, kwa hiyo tanga limekwama kwenye mlingoti. Sababu ya pili ni nahodha mwenye haraka anayerudi kwenye upepo kabla jarari haijafungwa. Kwenye upepo mkali hapo ndipo chombo hupinduka, maana tanga limejaa, mifuko iko upande wa zamani, na watu wamesimama.

Kwa sababu kila mgeuzo una gharama hiyo, mabisho machache marefu ni bora kuliko mengi mafupi.

Njia na mkondo

Kamati hueleza maboya asubuhi. Nendeni wawili mkasikilize, na mmoja achore. Ulizeni vitu vinne: boya linaachwa mkono gani, mzunguko ni mara ngapi, nani ana haki vyombo viwili vikikutana, na kuanza ni kwa tanga lililotwekwa (lililopandishwa) au lililotuliwa (lililoshushwa). Ikiwa ni lililotuliwa, sehemu kubwa ya mbio ni kutweka, basi fungeni tanga kwa vinyuzi vyepesi vya makuti vinavyokatika tanga linapofika juu.

Kusi hupiga kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo kutoka mjini kwenda Shela ni bisho, na kurudi ni upepo wa tezi. Maji yakijaa huingia kwa mlango wa Shela na kupanda kuelekea mjini. Yakikupwa hufuata njia hiyo yakitoka. Basi fikiria mbio zinazoanza saa nane mchana mwezi 27. Maji bado yanajaa kidogo. Unapobisha kuelekea Shela mkondo unakupinga, kwa hiyo kaa pembeni kwenye maji mafupi ambako ni mdogo, mtu wa omo akipima kwa upondo (mti mrefu wa kusukumia chombo). Upande wa kisiwa cha Manda una mikoko na kina kinachokatika bila kutoa habari. Ukipima chini ya mita moja na nusu, geuza. Karibu saa tisa maji yanageuka. Kuanzia hapo anayebisha anataka katikati ya mlango, mkondo umbebe kwenda kwenye upepo, na anayerudi mjini anataka pembeni. Chombo kinachoshika upande uleule mzunguko mzima, kwa kuwa kilikuwa mbele katika mzunguko wa kwanza, hupitwa na vyombo vizito zaidi.

Kurudi na upepo wa tezi watu wasogee nyuma kidogo ili omo lisichimbe, ubao uingie ndani, na demani iachiwe mpaka ukingo wa tanga unapoanza kutetemeka, kisha ivutwe kiganja kimoja. Chombo kikianza kwenda mrama, kaza demani kidogo na usogeze mtu mmoja kila upande. Jihadhari na kivuli cha majengo ya mjini. Upepo hukatika karibu na gati, na wengi hupoteza nafasi mita mia mbili za mwisho wakiwa wanapunga mikono kwa watu.

Kwenye boya, ingia kwa upana na utoke kwa ufinyu. Chombo kilichofungana na kingine kisisukumwe kwa mguu: ubavu wa mashua unaweza kuvunja goti. Tumieni upondo.

Mkipinduka, hesabuni vichwa kwanza, kisha shikeni chombo na msiogelee kwenda ufuoni hata kama unaonekana karibu. Mkondo wa bamvua ukikupwa kutoka Shela unakwenda bahari kuu.

Baada ya mbio

Zawadi zigawanywe kama mlivyokubaliana kabla, kwa maneno mbele ya mashahidi: fungu la chombo, fungu la nahodha, fungu la kila baharia, na ubao au tanga likivunjika nani analipa. Kundi lisilozungumza hili kabla huzungumza usiku, baada ya pesa kuonekana, na mwaka unaofuata linakuwa makundi mawili.

Tanga la pamba lisikunjwe likiwa bichi hata usiku mmoja, maana ukungu mweusi hula nyuzi na huanzia kwenye mikunjo. Litandazwe, lioshwe kwa maji matamu kama yapo, likauke pande zote. Vikamba vya foromali vilegezwe. Farumi ya mawe irudishwe chini na mifuko imwagwe ufuoni. Kabla ya safari ya kwanza ya uvuvi kagueni henza, usukani na mishono ya ubavu uliokuwa unalala majini, kwa sababu mbio za alasiri moja huvuta chombo kuliko mwezi mzima wa mshipi. Bamvua la mwandamo linakuwapo siku mbili tatu baada ya Maulidi: kama kuna mshono umefunguka, pandisheni chombo hapohapo.